Uzi Katikati ya Shanga

Nilimdanganya mume wangu kwa mkono wake mwenyewe. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu naijua kalamu yangu: nikiiachia itaanza kusifu mto na mpunga, na wino utaisha sijasema nililoketi kulisema.

Nilizaliwa Kau, karibu na mdomo wa Tana. Baba yangu alisomesha watoto Kurani na mimi nilisoma nao, ndiyo maana naweza kuandika. Niliolewa nimechelewa, nimeshapita miaka ishirini, wenzangu wa rika wana watoto wa kutumwa maji. Wachumba walikuja wakarudi. Walisema nina mdomo. Ninao. Aliyenichukua alikuwa mkulima wa huko juu, wa wale watu wanaolima kingo za mto. Alishuka na mtumbwi wa mpunga kuja kuuza, akabaki miezi mitatu kwa baba yangu ili ajifunze kuswali sawasawa. Kiswahili alikipata ukubwani. Alikisema polepole, kama mtu anayevuka tope na kutafuta pa kukanyaga, na hakusema neno asilolikusudia. Nilimpenda kwa hilo kwanza. Miaka hiyo Wajerumani walikuwa Witu na watu wa Kau hawakuwa na mazungumzo mengine. Mimi nilikuwa nayo mengine.

Siku ya harusi mama alinivisha safu saba za shanga kiunoni. Mwanamke wa Kau hazionyeshi njiani. Ni za chumbani, na ni za mtu mmoja. Kwa akina mume wangu hapakuwa na desturi hiyo. Alipoziona alikunja uso kama fundi aliyeletewa chombo asichokijua.

"Hii kazi yake nini?"

"Ya kuchezea."

"Nani achezee?"

"Wewe! Nani mwingine?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mkono wake ulipokuja kwangu ulifikia hapo kwanza. Alizipitia safu moja moja kwa kidole, taratibu, macho kayafumba. Kwa mkono ule nilijua kama amechoka, kama ameudhiwa na ndugu zake, kama ananitaka au ananipitia tu salamu. Tuliishi katika kijiji chao, si mbali na panapoitwa Garsen siku hizi, na katika ugeni wangu wote mkono ule ndio uliokuwa kwetu.

Mwaka wa pili nilizaa binti, na kidogo nife. Siku mbili nzima. Aliyenitoa ni mkunga mmoja mtu mzima, mwanamke wa pwani aliyeolewa huko juu kama mimi. Nilitoka na mtoto mzima na hofu. Kila nilipomtazama binti yangu nilimpenda, na kila nilipofikiria wa pili nilizikumbuka zile siku mbili.

Kwetu, na kwao pia, mama anayenyonyesha akikutana na mumewe huogopewa kumbemenda mtoto: mtoto anakonda, anaharisha, miguu haishiki. Na mimba ikiingia juu ya ziwa ndiyo mbaya zaidi. Wengine husubiri miaka miwili, mume ukuta huu, mke ukuta ule. Wengine, wasioweza kusubiri, mume hutoka kabla ya wakati akamwaga nje. Baba yangu alikuwa amemfundisha mume wangu kwamba hilo halifanywi mpaka mke aridhie. Basi aliniuliza. Hakuniuliza mara moja yakaisha. Aliuliza kila mara, upya, kama hajawahi kuuliza.

"Nitoke nje. Unakubali?"

"Nakubali."

Nilikubali, lakini raha ilikwisha. Nasema wazi, mimi ni mzee sasa na sina wa kumwonea haya. Mwanamke hawezi kujiachia huku anasikiliza. Nilisikiliza pumzi yake, nikingoja ibadilike, nikiogopa asiwahi. Nilibana miguu na nikabana moyo. Yeye naye alikuwa kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni, haangalii njia, anaangalia maji. Akishatoka aliona haya akaniomba radhi, nami nikasema hapana neno. Neno lilikuwapo. Nilikuwa naachwa njiani, kila mara mahali pale pale, na baada ya hapo nalala siku zote za mwezi nikingoja damu yangu kwa wasiwasi.

Mkunga aliliona usoni mwangu kabla sijamwambia.

"Ndoo hapa, mwanangu," akaniita karibu, akanitazama machoni. "Mato yako yamekuwa ya mtu mwenye deni. Waogopa mumeo?"

"Namwogopa wa pili, si mume."

Akaleta uzi. Ulikuwa wa pamba aliyoisokota mwenyewe, ameulowesha katika maji ya mizizi mpaka ukawa mweusi, na ulikuwa na mafundo saba. Alinifunga kiunoni chini ya shanga, mama mkwe akiwa pale pale, mume wangu akijua. Haikuwa siri. Akina mama wengi wa mtoni walifungwa uzi huo wakati wa kunyonyesha, na mkunga akapewa kuku. Sharti lilikuwa moja.

"Siku utakapomwatisha mwana ziwa, ukate uzi, uutupe mtoni mbele ya mama wa mumeo. Mai yauchukue. Usiukalie, mwanangu. Uzi si wako, ni wa mwana."

Sijui uzi ule ulikuwa na nini. Huenda ni ziwa la mtoto lililozuia, huenda ni kuumia kwangu katika uzazi, huenda ni Mungu tu. Ninachojua ni kwamba niliuamini, na mwili wangu ukauamini pia. Mume wangu aliacha kutoka, mimi nikaacha kusikiliza. Wakati wetu ulikuwa adhuhuri, shambani, kwenye kibanda kilichokuwa chini ya dungu, jukwaa la kufukuzia ndege. Mtoto alilala kwenye mkeka wake, ndege nao wamejificha jua. Sikusikia tena pumzi ya mtu, nilisikia yangu. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba kuna mahali pa kufika na kwamba nami ninaweza kufika. Siku moja nilicheka kwa sauti, mume wangu akaniziba mdomo kwa kiganja, naye akicheka, maana wanawake wa shamba la pili walikuwa wamenyamaza ghafla. Jioni yake mmoja wao aliniuliza kama ndege wa kwetu siku hizi wanafukuzwa kwa kicheko. Nilimwambia ajaribu.

Binti yangu alitimiza miaka miwili. Mama mkwe akasema basi, mtoto aachishwe na uzi ukatupwe.

Hapa ndipo nilipofanya nililofanya. Siku tatu kabla, nilisokota uzi mwingine wa pamba, nikaupaka masizi ya chungu, nikaufunga mafundo saba. Siku yenyewe nilisimama ukingoni, wanawake wamenizunguka, nikakata uzi wangu wa masizi nikautupa. Ulizama pale pale miguuni petu, halafu mkondo ukauvuta. Wakapiga vigelegele. Mama mkwe aliinua mikono akazungumza na mto kwa lugha yao, na maneno niliyoyashika ni kwamba uuchukue uzi na umletee wajukuu. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa namtazama mamba aliyelala upande wa pili, ili nisimtazame yeye.

Uzi wa kweli niliushonea shanga ndogo nyeusi kati ya fundo na fundo, ukawa safu ya nane. Nilijiambia naogopa kufa katika uzazi. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa zaidi kurudi kulala nimebana, nikisikiliza. Nilikuwa nimeonja, sikutaka kuacha.

Mume wangu aliigundua safu ya nane siku hiyo hiyo.

"Hii mpya."

"Mama ameniletea kutoka Kau."

Kidole chake kikapita kwenye shanga, kikakwama kwenye fundo, kikapita, kikakwama. "Hii nzuri kushinda zingine," akasema. "Hii ina mawe. Hii ndiyo napenda."

Ikawa desturi yake. Nyingine alizipitia haraka, hiyo akaikalia. Alikuwa akiomba mtoto kwa Mungu katika kila swala, kisha anakuja kulibembeleza kwa kidole lile lililomzuia mtoto wake. Na mimi natabasamu. Sitajitetea: raha niliipata, tena kubwa. Miaka ile ya wizi ilikuwa mitamu kuliko miaka miwili ya haki.

Ukapita mwaka, ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Kwa watu wale maji ya mafuriko yakishuka na tope likiwa bado bichi, mbegu ya kwanza ya ukoo hutupwa na mwanamume ambaye mkewe anazaa, ili shamba lifuate nyumba yake. Baada ya binti yetu kuzaliwa, mume wangu ndiye aliyepewa kuifungua mbegu. Hakuna kitu alichokipenda kama hicho. Siku ya kupanda aliamka kabla ya adhana, akaoga, akavaa shuka jeupe, na akawa hasemi na mtu mpaka mbegu iingie tope. Sasa watu walianza kunong'ona kwamba nyumba yenye mtoto mmoja wa zamani haifai tena kufungua mbegu.

Baada ya mavuno ndugu zake walikuja wakaketi uani. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa matete, natwanga. Nilielewa lugha yao vya kutosha kusikia kwamba ninazungumzwa mimi: huyu wa pwani amekauka, aachwe, au aletewe mwenzake. Nikashusha mchi polepole. Nilidhani mume wangu atasema tumwachie Mungu, kama kawaida yake.

Akasema, "Si yeye. Ni mimi. Ile homa ya mafuriko iliniharibu."

Homa ile ilimshika siku mbili tu. Uji wake nilipika mimi. Ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema kunikinga mimi. Wale ndugu waliondoka mmoja mmoja, hata kahawa hawakunywa. Mume wangu akachukua jembe akaanza kukwangua mpini ambao haukuwa na kasoro.

Ningetoka nyuma ya ua saa ile, ningesema. Hatua kumi tu. Niliinua mchi nikaendelea kutwanga.

Msimu uliofuata mbegu ilifunguliwa na mdogo wake. Mume wangu alisimama nyuma ameshika kapu, amevaa shuka lile lile jeupe, maana hakuna aliyemwambia asilivae. Vijana walitaniana kwa sauti ya chini, akajifanya hasikii. Nilirudi nyumbani nikampikia kambare na wali wa mpunga mpya. Alikula akasifu mapishi. Nilijichukia, na bado sikusema.

Lakini mwili una aibu yake, haungoji ruhusa. Tangu siku ile kidole chake kilipofika kwenye fundo, mimi nilishikana. Kila fundo niliona lile shuka jeupe. Uzi ulionifungua ukawa ndio unaonifunga, na nikarudi pale pale pa kulala nasikiliza, sasa nasikiliza kidole. Aliliona.

"Unaumwa?"

"Nimechoka."

"Basi nisiguse?"

Aliniuliza, tena kwa upole ule ule wa kila siku. Tulikuwa kibandani, jua limesimama, binti yetu yuko juu ya dungu anapiga debe kufukuza ndege. Nikashindwa. Nilifungua safu ya nane nikamwekea kiganjani.

"Hii nini?" akasema.

"Uzi wa mkunga."

"Uzi ulienda na mto."

"Uliokwenda na mto niliusokota mimi. Huu ndio wenyewe. Nimekuwa nao siku zote."

Aliugeuza uzi, akaupitia fundo kwa fundo kama alivyouzoea, macho yakiwa wazi safari hii. Nilingoja kofi. Nililitaka lile kofi, ningelipokea kama sadaka. Hakunipiga.

"Hii ndiyo nilipenda," akasema.

Nikaanza kulia, nikasema nimekosa, nilikuwa naogopa, anisamehe. Akangoja mpaka nikamaliza.

"Mimi niliuliza wewe. Kila siku niliuliza. Wewe mbona hukuuliza mimi?"

"Ungekataa."

"Ningesema ndiyo."

Akasimama akaenda mtoni na uzi. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu na imelowa. Akasema, "Nimesamehe," na akachukua jembe. Nimeshasema kwamba hakuwa mtu wa kutoa neno asilolikusudia. Alinisamehe kweli, na huo ndio ugumu wake.

Kabla ya mafuriko yaliyofuata nilikuwa na mimba. Mtu angedhani hapo ndipo mambo yalipotengenea. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimesikia kutoka mdomoni mwake kwamba yeye ndiye aliyeharibika. Sasa mkewe ana tumbo, la nani? Palikuwa na mchungaji mmoja wa ng'ombe, wa wale wafugaji wa mbuga za upande wa Minjila, aliyetuletea maziwa na kuchukua mahindi. Mtu mwenye heshima zake, hata uani kwetu hakuwahi kuingia. Wakaanza kumtaja. Mama mkwe akaacha kunywa maziwa yake. Akawa ananipa kata ya maji kwa kuiweka chini, haniwekei mkononi.

Nilimwambia mume wangu, "Nakwenda kwa mama yako. Nitamwambia habari ya uzi. Wajue kwamba wewe huna ila."

Alifikiri, akasema, "Usiende. Ukisema, watakufukuza. Mtoto huyu atakaa na nani, na yule msichana atakaa na nani? Mimi nitasema Mungu ameniponya."

Na mimi nikapumua. Nikamshukuru Mungu kwamba nimezuiwa. Aibu yangu hasa iko hapo, si kwenye uzi. Uzi niliuficha nikiwa naogopa kufa na natamani raha. Mtu anaweza kunielewa. Lakini siku ile nilikuwa na heshima ya mume wangu mkononi, nyumba ya mama yake ilikuwa hatua arobaini, na nilifurahi kwamba sikulazimika kwenda. Nilimwachia auchukue mzigo wangu mara ya pili kwa sababu alishauzoea.

Mtoto alikuwa wa kiume, na alitoka upesi, bila taabu. Siku ya akika mume wangu alisimama mbele ya ndugu zake akasema Mungu ameniponya. Walisema alhamdulillahi huku wanatazama chini. Mwanangu ana vidole gumba vya baba yake, bapa na vifupi, lakini anayetaka kutazama vidole ni nani mtu akishaamua? Mbegu haikurudishwa kwa mume wangu tena. Mama mkwe alikufa akiamini mjukuu wake si mjukuu wake, na mimi ndiye niliyemkogesha.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alikuwa mwema. Alikuja kwangu kama zamani, na alipotaka kuja aliuliza. Hofu ya kuzaa iliniisha kwa uzazi ule mwepesi. Sasa ningeweza kujiachia bila uzi wa mtu yeyote. Lakini mkono wake uliishia begani. Wakati mwingine ulishuka mpaka mkononi, ukanishika vidole. Kiunoni haukufika. Safu saba nilizivaa, nikazisafisha, nikabadilisha uzi ulipooza, na shanga zikabaki baridi. Nililala nimejiandaa, nikisikiliza mkono usiokuja, na mwili wangu ukaanza kusahau ile njia uliyoijua siku za kibandani.

Sikuthubutu kumuuliza. Mimi mwenye mdomo!

Mwaka mmoja, binti yetu ameshaolewa na nywele za mume wangu zimeanza mvi, tulikuwa wawili juu ya dungu wakati wa adhuhuri. Mpunga ulikuwa unaiva, ndege wamejificha. Nilimshika mkono nikauvuta nikauweka mwenyewe kiunoni, juu ya kanga, pale shanga zinapofanya kituta.

"Nakuuliza," nikasema. "Unakubali?"

Alinitazama muda mrefu kwa macho ya huruma, na huruma sikuitaka. Mkono ulikaa pale. Hakutafuta safu, hakutafuta kitu. Akanipigapiga mara mbili, polepole, kama mtu anavyomtuliza mtoto wa jirani, kisha akauondoa akaokota kombeo, maana ndege walikuwa wameshaanza kushuka kwenye mpunga.